Malalamiko: kukatwa bangili kwa mkasi na kuzimwa kwa mgeni wa sapraizi kwenye usiku wa nyota wa roki

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Maandalizi ya Matamasha,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA WENYE TIKETI TISA ZA ENEO LA MBELE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika kwa niaba ya watu tisa waliokata tiketi za eneo la Mbele, shilingi 120,000 kila moja, jumla shilingi 1,080,000. Masharti yenu mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya tiketi, hivyo hatuna haja ya kuyarudia. Tunakwenda moja kwa moja kwenye saa 5:38 usiku.

Saa 5:38 mgeni wenu wa sapraizi, mzee wa gitaa, alichomoza upande wa kulia wa jukwaa bila kutangazwa. Uwanja mzima ukapiga kelele. Sekunde hiyohiyo mabaunsa wenu sita waliingia eneo la Mbele na kamba, wakaanza kusukuma watu kurudi nyuma ili wageni wa wadhamini wapite. Hatukukataa kusogea. Tuliuliza tu: tusogee wapi, kwa amri ya nani? Jibu lilikuwa mkasi. Baunsa mmoja alimshika mkono mama mtu mzima aliyekuwa amejishikiza kwenye uzio, akaingiza mkasi chini ya bangili ya kitambaa tuliyovalishwa kama tiketi, akaikata. Kisha ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Akasema, "Nyie mmeshaona vya kutosha."

Ndugu Meneja, watu hao walikuwa wamesimama kwenye uzio tangu saa 10 jioni. Hawakuwa wameona cha kutosha. Walichokilipia ndicho kilikuwa kinaanza.

Onyesho la nyota wengi halifanani na onyesho la bendi moja. Anayenunua tiketi ya bendi moja anajua atakachopata: orodha ya nyimbo, saa mbili, kwaheri. Anayenunua tiketi ya kolabo za sapraizi ananunua zile dakika chache ambazo watu wasiotarajiwa kukutana wanasimama kwenye jukwaa moja, na hazirudii tena. Ninyi wenyewe ndivyo mlivyouza. Matangazo yenu ya redio yalisema ni usiku wa kumuenzi Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, na yakataja onyesho la kumuenzi kwenye uwanja wa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, pale Elton John na Axl Rose walipoimba pamoja, na David Bowie akasimama na Annie Lennox. Mkataja kipimo hicho kwa vinywa vyenu. Basi tuwapime nacho.

Pale Wembley, sehemu ya pili yote, wanamuziki waliobaki wa Queen, bendi ya Freddie, ndio waliokuwa bendi mwenyeji, yaani bendi inayowapigia wageni wote. Dramu hazikuhamishwa, besi haikuhamishwa, waimbaji ndio waliopokezana. Ndiyo maana kolabo ziliweza kufuatana bila uwanja kupoa. Ninyi mlikuwa na bendi mwenyeji nzuri kabisa, vijana wanaojua kazi, halafu mkaruhusu wasanii wanne waje na dramu zao. Kila mabadiliko yalichukua nusu saa: kushusha dramu, kupandisha nyingine, kufunga maiki nane upya, kupima moja moja. Mara nne hiyo ni saa mbili zimekwenda watu wakitazama mafundi wakivuta nyaya. Kama mlilazimika kuwa na dramu zaidi ya moja, kuna majukwaa madogo ya magurudumu: seti ya pili inafungwa maiki zake nyuma ya pazia wakati wa kwanza anapiga, kisha inasukumwa mbele na kuchomekwa kwa waya mmoja mnene. Dakika kumi zinatosha. Kwenye tamasha la hisani la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, ukiacha jukwaa la kuzunguka, wanamuziki waliwekewa taa za kijani, njano na nyekundu ili kila mmoja ajue muda wake umebaki kiasi gani. Taa tatu tu. Ninyi mlikuwa na skrini mbili kubwa na hakuna hata saa ya kumwonyesha msanii kwamba amekula muda wa mwenzake.

Na hayo yalikuja baada ya kuchelewa kuanza. Bango lilisema saa 12 jioni. Noti ya kwanza ilisikika saa 2:25. Kibali chenu kilikuwa kinaisha saa 6 kamili usiku, nanyi mlilijua hilo kabla ya kuuza tiketi ya kwanza. Onyesho lenye kikomo hupangwa kwa kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo: mgeni mkubwa anatengewa dakika zake kwanza, kisha wengine wanagawana kilichobaki. Ninyi mlianza na mwanzo mkategemea Mungu. Mfano haukuwa mbali. Tarehe 14 Julai 2012, Hyde Park, London, Bruce Springsteen alimpandisha Paul McCartney jukwaani, wakapitiliza muda wa kibali, sauti ikakatwa hata hawajaaga watu. Lakini watazamaji wa pale walikuwa wameshapigiwa zaidi ya saa tatu za muziki. Sisi mzee wetu alipewa dakika 22.

Na katika dakika hizo 22, wimbo wa kwanza wote gitaa lake halikusikika. Tunajua sababu, kwa kuwa wakati tunasukumwa nyuma tulipitishwa kando ya meza ya sauti na tukaiona taa nyekundu ya chaneli yake ikiwaka, yaani njia ya sauti ya gitaa lake ilikuwa imefungwa. Meza za kidijitali huhifadhi mpangilio wa kila wimbo. Fundi akiita mpangilio unaofuata, chaneli yoyote iliyohifadhiwa ikiwa imefungwa inajifunga tena, hata kama sekunde iliyopita aliifungua kwa mkono. Mgeni wa sapraizi hayumo kwenye mipangilio ya majaribio ya mchana, maana mchana alikuwa amefichwa hotelini. Kwa hiyo kila fundi wa maonyesho ya aina hii hutenga mapema chaneli za wageni, maiki mbili, gitaa moja na moja ya akiba, na kuziwekea kinga ili mpangilio usiziguse. Siri ya mgeni hufichwa watazamaji, haifichwi fundi sauti. Kijana wenu alikuwa anachomoa na kuchomeka waya kwenye boksi la jukwaani akidhani waya umekufa, kumbe waya ulikuwa mzima na kosa liko mezani, mita arobaini kutoka pale alipopiga magoti.

Gitaa lilipofunguka, likatoka bovu. Bovu kwa sababu lilikuwa limeshushwa nusu toni, kama wapiga roki wengi wanavyofanya ili kuipumzisha sauti ya mwimbaji, na bendi mwenyeji ilikuwa kwenye toni ya kawaida. Kinanda hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe. Gitaa na besi vinahitaji vyombo vya pili vilivyokwisha shushwa, vikiwa vimening'inia tayari kwenye stendi. Swali moja kwa mzee huyo, "Gitaa lako liko toni gani?", lingemaliza kazi mchana ule. Mpiga besi ndiye aliyeokoa jahazi, alisikiliza mapigo machache ya kwanza kisha akahamisha vidole pingili moja chini. Tunampongeza. Hakupaswa kuachiwa mzigo huo mbele ya uwanja mzima.

Tulisukumiwa wapi? Hapa tunaomba msome taratibu. Tulisukumiwa kwenye mnara wa spika za nyuma, mita kama 60 kutoka jukwaani, jirani na vyoo. Sauti husafiri mita zipatazo 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika za mnara huo zinapaswa kucheleweshwa milisekunde 175 hivi ili zilingane na sauti inayotoka jukwaani. Hazikucheleweshwa. Kila pigo la dramu lilisikika mara mbili, kwanza mnarani, kisha mbele. Mwimbaji akafuatwa na kivuli chake mwenyewe. Wenye tiketi za kawaida za shilingi 30,000 walivumilia hali hiyo tangu saa 2:25 na nao wana haki ya kulalamika. Sisi tulilipa mara nne ya bei yao, tukamalizia palepale.

Kumalizia ni neno la upole. Tulitolewa nje.

Turudi kwenye mkasi, maana bila shaka mtajibu kwamba ilikuwa ni "kupanga watu kwa usalama". Kamba ingetosha kupanga watu. Bangili hukatwa kwa sababu moja: kumfanya mtu asiwe na tiketi. Masharti yenu yanasema bangili iliyokatwa au kufunguliwa haitambuliki. Baunsa alipomshika yule mama, alimpindua kiganja kikaangalia juu, akapitisha mkasi wa mpini wa bluu upande wa ndani wa kifundo, pale penye mshipa. Mama alisema, "Taratibu mwanangu, utanikata." Hakujibiwa. Ncha ilimchubua, alama ipo, picha ipo. Kile kibanio cha plastiki kikaanguka kwenye nyasi, akainama kukiokota ili awe na ushahidi, akasukumwa begani na kamba ikapita juu ya kichwa chake. Nyuma ya kamba wakaingia watu waliovaa fulana mpya za wadhamini, na wengi wao wakaupa jukwaa mgongo wapigwe picha. Mzee yuko juu, gitaa halisikiki, uzio umejaa migongo, na aliyesimama pale tangu saa 10 jioni anatafuta kibanio chake kwenye nyasi. "Nyie mmeshaona vya kutosha." Maneno hayo yametamkwa na mtu aliyevaa kizibao chenye nembo ya kampuni yenu.

Tulipofika geti la eneo la kawaida, mlinzi mwingine akauliza bangili ziko wapi. Tukamwonyesha vipande. Akasema vipande havitambuliki. Hakukosea kwa mujibu wa masharti yenu. Kwa hiyo kampuni ilikata bangili kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ikatutoa kwa kukosa bangili. Saa 6 kamili, umeme wa jukwaa ulipozimwa katikati ya wimbo wa mzee, sisi tulikuwa barabarani. Tulijua umezimwa kwa sababu kelele za watu ndani zilibadilika.

Meza ya malalamiko iliyoonyeshwa kwenye ramani yenu ilikuwa meza tupu yenye kitambaa. Namba ya simu iliyochapwa kwenye tiketi iliita siku tatu bila kupokelewa. Siku ya nne ikapokelewa, tukaambiwa tuandike barua. Barua ndiyo hii.

Tunadai kwanza kurudishiwa shilingi 1,080,000, zote, bila makato ya "huduma". Tulipoanza kuandika tulikusudia kuishia hapo. Baada ya kuyaweka yote kwenye karatasi tunaona haitoshi. Tunadai pia nauli za usiku ule, kwa kuwa usafiri mliouahidi baada ya onyesho ulikuwa unapakia ndani ya uwanja ambako hatukuruhusiwa kurudi. Tunadai barua ya kuomba radhi kwa yule mama, iliyosainiwa na wewe Meneja, siyo na idara ya masoko, na ipelekwe kwake kwa mkono. Tunadai kujulishwa kwa maandishi nani alitoa amri ya kufungua eneo la Mbele kwa wageni wa wadhamini saa 5:38, maana mkasi haukuingia uwanjani kwa bahati mbaya. Mtu aliununua na mtu aliugawa. Na tunadai sharti la bangili iliyokatwa lirekebishwe lisomeke wazi kwamba halimhusu mtu ambaye bangili yake imekatwa na watumishi wenu.

Mna siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, malalamiko haya yatafikishwa Tume ya Ushindani kwa upande wa haki za mlaji, na nakala itakwenda Baraza la Sanaa la Taifa, ili mtakapoomba kibali kingine wawe na picha ya kifundo kilichochubuliwa mezani kwao. Wadhamini wenu nao watapelekewa video ya dakika 3 na sekunde 40 inayoonyesha bangili tano kati ya tisa zikikatwa, watazame wenyewe nafasi ya wageni wao ilipatikanaje. Kuhusu mchubuko, fomu namba 3 ya polisi tayari imechukuliwa na kujazwa hospitalini. Hatujaipeleka mbele zaidi. Siku ya 15 tutaipeleka.

Wenu,

Wenye tiketi tisa za eneo la Mbele

Viambatanisho: nakala za tiketi tisa, vipande vinane vya bangili (cha tisa kilibaki kwenye nyasi zenu), picha nne, video moja.