Viko vyenye sura za wanasiasa visisuguliwe

Ndugu Mhariri,

Mgeni akishuka kwenye kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni Mwamba wa Bismarck. Ukimuuliza anayemwonyesha huyo Bismarck alikuwa mtu wa sura gani, mara nyingi hana jibu. Kwa hiyo kiko cha kale chenye sura ya Bismarck, kansela wa Ujerumani wa karne ya 19, kikiwekwa kwenye kabati la makumbusho kando ya ziwa hili, kina kazi kubwa kuliko kujaza rafu. Tunaandika kwa sababu viko vya aina hiyo, vya Ulaya na Marekani vilivyofinyangwa au kuchorwa vichwa vya viongozi, vinaharibiwa na watu wenye nia njema. Mtunzaji anakiona kiko kimejaa masizi, anachukua sabuni ya vyombo na stilwaya, na akimaliza kiko kinang'aa lakini nusu ya habari zake zimekwenda na maji. Ombi letu ni kwamba kiko kisomwe kwanza. Baada ya kusomwa, mara nyingi itaonekana hakuna haja ya kukiosha.

Tuanze na majina ya sehemu zake, maana Kiswahili kinayo yote. Panapowekwa tumbaku ni bori. Mrija unaoteremka kutoka kwenye bori ni digali. Kwenye kiko chetu cha maji digali huingia kwenye kifuu cha nazi huko pwani, au kibuyu huku bara, na moshi ukipita majini ndipo yanaposikika malio ya kiko. Mvutaji huweka mdomo kwenye shilamu. Vibao vya maelezo vinavyoandika “kichwa cha kiko” na “mdomo wa kiko” havina sababu, tena vinachanganya pale ambapo bori lenyewe ni kichwa cha mtu.

Kiko cha Kijerumani cha karne ya 19 kinaeleweka upesi kwa anayekijua kiko cha maji. Bori lake ni la kauri, jembamba na refu, na upande unaotazama mbele ndio huchorwa sura au nembo. Chini ya bori kuna kipande kingine cha kauri chenye umbo la herufi Y. Mkono mmoja hupokea bori, mkono wa pili hupokea digali la mti wa mcheri, na tako lake hukusanya majimaji ya tumbaku yasimfikie mvutaji. Viungo hukazwa kwa kizibo cha gome, shilamu ni ya pembe, juu ya bori kuna kifuniko cha madini chenye matundu, na mara nyingi huning'inia kamba yenye vishada. Kiko kimoja basi kina kauri, mti, gome, pembe, madini na nyuzi, na kila kimoja kati ya hivyo kina adui wake. Ukikitumbukiza chote kwenye beseni, kauri haitadhurika sana, lakini mti utavimba, kizibo kitaoza na pembe itaanza kubanduka tabaka kwa tabaka.

Viko vya Ufaransa vilikuwa hasa vya udongo mweupe. Kiwanda cha Gambier cha mji wa Givet, kilichoanza 1780 na kufungwa 1926, kilikuwa na mifano zaidi ya 1,000, mingi ikiwa vichwa vya watu: wafalme, majenerali, mawaziri, na Napoleon wa kila namna. Mshindani wake, Fiolet wa Saint-Omer, naye alifanya biashara hiyo hiyo. Ireland walivuta viko vilivyoandikwa “Home Rule”, wakidai kujitawala. Marekani katika miaka ya 1840 na 1850 zilipatikana bori fupi za udongo zenye sura na jina la rais, kwa mfano Franklin Pierce, ambazo mnunuzi alizitia mwenyewe mrija wa tete.

Msomaji wa Mwanza hahitaji maelezo marefu kuhusu desturi hii. Kanga yenye picha ya Mwalimu Nyerere, au zile zilizotoka Obama aliposhinda 2008, zinafanya kazi ile ile: mtu anambeba kiongozi mwilini, anakaa naye barazani, na wenzake wanajua yuko upande gani bila kuuliza. Tofauti ni kwamba kiko cha udongo kilikuwa cha bei ndogo na kilivunjika upesi, kwa hiyo mwenye kiwanda aliuza kingine, na kingine tena.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la vibao. Sura haitoi tarehe ya kiko. Napoleon alifariki 1821, lakini mabaki yake yalirudishwa Paris Desemba 1840, na mpwa wake akachaguliwa rais 1848. Nyakati hizo zote sura yake iliuzika, na kalibu ya madini, yaani chombo kinachoupa udongo umbo, hudumu miongo mingi. Sura inakuambia kiko hakikutengenezwa kabla ya mtu huyo kujulikana, basi. Tarehe itafutwe kwenye alama. Geuza kiko, tazama shingo yake, yaani pale bori linapokutana na digali, au ubavuni mwa digali. Gambier waligonga jina lao na namba ya mfano. Neno la nchi, kama “France” au “Germany”, mara nyingi ni dalili ya bidhaa iliyotengenezwa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingia nchini humo zionyeshe zilikotoka.

Alama hizo huwa hazionekani kwa mwanga wa taa ya darini. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze iwe karibu sawa na uso wa kiko ili mwanga upite ubavuni. Herufi zilizofutika zitatupa kivuli. Piga picha hapo hapo, kisha zungusha tochi robo duara na upige tena. Picha nne za alama, nne za pande za bori, moja ya ndani ya bori na moja ya ncha ya shilamu zinatosha. Pima kwa milimita urefu wote, kimo cha bori, upana wa mdomo wake na upana wa tundu la digali. Andika pia penye ufa na penye gundi ya zamani.

Tochi hiyo hiyo itakuonyesha kama kiko ni cha kweli. Mfinyanzi alisokota udongo kama mwiko mwembamba, akauacha ukauke kidogo, akapenyeza waya uliopakwa mafuta kutengeneza tundu la digali, kisha akaulaza ndani ya kalibu ya vipande viwili na kuubana kwa jiriwa. Msumari mnene uliingizwa kutoka juu kutoboa bori. Ndiyo maana kiko halisi kina mshono mbele na nyuma, uliokwanguliwa kwa kisu, na ukichunguza kwa lenzi ya mara 10 utaona mikwaruzo ya kisu hicho ikipita kwenye ndevu au kwenye ukosi wa koti. Nakala ya kisasa nyingi humiminwa kwa uji wa udongo: ndani yake ni laini mno, na vitundu vya hewa huonekana puani na masikioni. Tena udongo hunywea ukikauka na kuchomwa, kwa kawaida asilimia 8 hadi 12. Nakala iliyochukuliwa kalibu kutoka kwenye kiko cha kale itakuwa ndogo kuliko mama yake kwa kiasi hicho, na macho yatakuwa kama yameingia usingizi. Ukiwa na vipimo vya kiko halisi cha namba hiyo hiyo, rula inatosha kutoa hukumu.

Sasa masizi. Kiko cha udongo kikivutwa sana, rangi ya kahawia huanza chini ya bori na kwenye shingo, kisha hupanda polepole. Masizi ya kughushi, yaliyopakwa rangi ya viatu, hukaa juu juu, hujaa kwenye mikunjo ya uso na kuacha ndani ya digali peupe. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia kama kiko kilivutwa kweli au kilikaa dirishani kama pambo, na kwa kiko cha kisiasa hilo ni swali kubwa: mtu alimpenda kiongozi huyu kiasi cha kumshika kila jioni, au alinunua kumbukumbu ya safari? Ukisugua umefuta jibu.

Na hasara haiishii kwenye habari. Udongo ule haukupakwa utando wa kung'aa kama wa kauri, una vinyweleo. Maji ya sabuni huingia ndani, huyeyusha lami ya tumbaku, na kiko kinapokauka lami hupanda juu na kuacha mabaka ya kahawia usoni. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni mbaya zaidi, kwa sababu huacha chumvi ndani ya vinyweleo. Mvua za vuli zikija chumvi inalowa, kiangazi inakauka na kuvimba, na pua ya mheshimiwa inabanduka vipande. Stilwaya huacha chembe za chuma zinazoota kutu ya rangi ya chungwa. Limao na majivu, ambayo wengi wetu tunayasifia kwa sufuria, hula kifuniko cha shaba na kuchukua dhahabu iliyopakwa kwenye kauri. Viko vile vya jiwe jeupe jepesi, ambalo Wajerumani waliliita Meerschaum, yaani povu la bahari, vilipakwa nta, na rangi yao ya asali ni nta na moshi vilivyoshikana kwa miaka mingi. Jiwe hilo likilowa hulainika. Shilamu ya kaharabu isiguswe na spiriti. Ya eboniti, yaani mpira mgumu uliopikwa kwa salfa, isikutane na maji ya moto wala jua, maana hugeuka rangi ya tope.

Kinachoruhusiwa ni brashi laini ya manyoya, ile ya mchoraji, kupangusa vumbi la nje, na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo mno kwa maji safi kwenye kauri pekee, mbali na dhahabu na mbali na viungo. Kiungo kilichogoma kisizungushwe kwa nguvu. Kifuniko kilicholegea kisipelekwe kwa fundi bati, kwani joto la kulehemu hupasua kauri.

Kushika nako kuna adabu yake. Usiinue kiko kwa digali hata kikiwa kifupi. Mkono mmoja chini ya bori, wa pili chini ya digali, juu ya meza iliyotandikwa taulo. Ndani ya sanduku kiegemee sehemu mbili, kwenye bori na katikati ya digali, juu ya sponji nyeupe ya poliethilini iliyokatwa umbo lake. Pamba tupu hunasa kwenye pua na masharubu na kuvunja unapoivuta. Namba ya usajili iandikwe kwenye kipande cha utepe wa pamba uliofungwa legelege. Selotepu isikaribie, kwa sababu ikibanduliwa huondoka na dhahabu.

Hewa yenye unyevu ya ziwani ndiyo vita yetu ya kila siku. Wanaofuata kanuni ya uhifadhi hutumia kilo 20 za jeli ya silika, yaani chembe zinazonyonya unyevu, kwa kila mita moja ya ujazo. Sanduku la plastiki la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 linahitaji basi kama kilo moja na nusu. Wengi hukosea wanapoikausha jeli kwenye oveni na kuitia ndani ikiwa kavu kabisa. Mti wa mcheri na pembe hupasuka. Itandaze kwanza chumbani wiki mbili hivi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, izoee hewa tulivu, ndipo uifungie. Weka kipima unyevu ndani, na lengo liwe unyevu wa asilimia 50 hivi usioyumba.

Mabaki ya tumbaku ndani ya bori huvutia mende mdogo wa tumbaku, wa kahawia, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Ukiona unga laini chini ya kiko, au vishada vimeliwa, kitenganishe na vingine siku hiyo hiyo. Kivishe mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, kitie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, ili umande utokee nje ya plastiki badala ya kwenye kiko. Kiko chenye kaharabu au ufa kisipelekwe huko. Hicho kikae peke yake na kichunguzwe kila wiki.

Limebaki la kibao. “Kiko cha kale, Ulaya” si maelezo. Kwa bori la kauri lenye sura ya Bismarck tungeandika hivi: “Kiko cha kauri, Ujerumani. Sura ni ya Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani 1871 hadi 1890. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ulioweka masharti ya mataifa ya Ulaya kujitwalia Afrika, ulifanyika kwenye makazi yake. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, kampuni ya Carl Peters ilipewa hati ya ulinzi ya Kaizari kwa ardhi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Bismarck hakuwahi kufika Afrika. Mwamba ulioko ziwani Mwanza una jina lake. Kiko kilivutwa: masizi yaliyomo yameachwa kwa makusudi.” Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe, ili mfanyakazi mpya atakayeshika ufunguo wa kabati asije akakimbilia sabuni.

Makumbusho yoyote ya kanda hii yenye viko vya namna hii yavipige picha sasa, kabla ya mvua za vuli, hata kwa simu tu. Tuko tayari kufika na lenzi, rula na utepe, bila malipo.

Wahifadhi wa vitu vya kale,
Mwanza