Theluji Haijafika Magotini, Mbona Mnatukatalia?

Sisi tunaoongoza watu kwenye skii milimani tunaulizwa swali hili na wateja kila msimu unapoanza, tunapowakatalia miteremko mikali. Theluji yenyewe kiduchu, wasiwasi wa maporomoko ya theluji unatoka wapi?

Unatoka chini. Theluji ya kwanza ikianguka, kisha usiku ukawa mkavu wenye baridi kali, ardhi hubaki karibu na nyuzi 0 huku uso wa theluji ukiwa baridi zaidi. Tabaka likiwa jembamba, tofauti hiyo yote hubanwa ndani ya sentimita chache. Mvuke unapanda, na chembe zinageuka punje kubwa zisizoshikana. Chota kiganjani uone: zinamwagika kama sukari. Hata ukizifinya, donge halipatikani.

Halafu ije dhoruba. Upepo unarundika theluji mpya juu ya hiyo sukari, inashikamana, inakuwa bamba. Kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45 bamba hilo hukatika, na mara nyingi anayelikata ni huyohuyo linalomfunika, au mwenzake. Wala si lazima uwe juu yake; waweza kukanyaga chini ya mteremko, ufa ukapanda hadi juu.

Kinachoponza watu ni hiki: upande wa jua umebaki mawe matupu, kwa hiyo wote wanakimbilia upande wa kivuli, ambako theluji ya kwanza haikuyeyuka. Yaani palepale penye sukari. Na poromoko dogo tu litakuburura juu ya mawe na visiki ambavyo bado havijafunikwa sawasawa.

Kwa hiyo wiki hizi tunapita miteremko ya chini ya digrii 30, isiyo na mteremko mkali juu yake. Pakitia shaka kidogo, tunavuka mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Mkisikia theluji ikitoa mlio mzito wa "wumf" chini ya skii, yaani ile sukari imebonyea chini ya bamba, tunageuza. Hapo hatupigi kura.

Kabla ya kuondoka tunakagua kifaa cha kutafutana (kiredio cha kuvaa kinachotoa mawimbi ili aliyefunikwa apatikane), fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliye chini, na koleo la kila mtu. Betri ndizo huwaaibisha watu. Tumeshafungua kifaa tukakuta zimevuja na kuota ukungu wa kijani. Simu nayo ikae mbali nacho, maana huvuruga mawimbi yake. Kisha tunafukia kifaa kimoja na kuwaambia mkitafute, saa mkononi. Aliyefunikwa huishiwa hewa ndani ya dakika chache, na wa kumfukua ni nyinyi mlio naye. Mkizidisha dakika 10, zoezi linarudiwa, hata kama jua limeshapanda.