Meli chakavu zitobolewe kwanza, ndipo zizamishwe

Mhariri,

Meli kuukuu ikitelekezwa bandarini, hazikosekani sauti za kutaka izamishwe iwe makazi ya samaki na kivutio cha watalii. Wazo si baya. MV Dania, iliyokuwa ikisafirisha ng'ombe, ilizamishwa makusudi usawa wa Bamburi, Mombasa, mwaka 2002, na wapiga mbizi bado wanaizuru kwenye kina cha takriban mita 30. Kosa ni kudhani kwamba kazi ni kuzamisha. Hiyo ni ya dakika chache. Maandalizi ndiyo yanayokula miezi na pesa.

Mafuta yatolewe yote, hata yale mazito yaliyoganda chini ya mitambo. Iondolewe asbesto iliyoviringwa kwenye mabomba ya moto, na zile nyaya za umeme za zamani ambazo maganda yake yana kemikali za sumu ziitwazo PCB. Rangi ya tumbo la meli nayo ipimwe. Rangi zenye tributilitini, sumu ya kuzuia viumbe kuganda kwenye meli, zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008, maana zinadhuru chaza na konokono, viumbe walewale tunaotaka wahamie pale.

Kisha milango. Ing'olewe, isifungwe wala kuegeshwa wazi, kwa sababu bawaba zikishaliwa na kutu mlango huanguka wenyewe, na pengine kuna mtu ndani. Kila chumba kipate matundu mawili ya kutokea, mapana kiasi cha mtu mwenye mtungi mgongoni kupita bila kujibana. Chumba kisichotoboleka kizibwe kwa bamba la kuchomelea. Dari nazo zitobolewe ili hewa itoke maji yanapoingia, kwani meli isiyojaa sawasawa hupinduka. Wamarekani waliyaona hayo Key Largo, Florida, mwaka 2002: Spiegel Grove ilianza kuzama kabla ya wakati, ikapinduka, omo ikabaki nje ya maji. Aliyekuja kuisimamisha ni kimbunga Dennis, 2005, fundi ambaye hakuna anayeweza kumpangia bajeti.

Wapo wanaopendekeza meli iwekwe mita 12 tu ili hata mwanagenzi aifikie. Mwanga utakuwepo na hewa itadumu, ni kweli. Lakini kwenye kina hicho wimbi la kusi bado lina nguvu: linaingia tundu hili na kutokea lile, na kumsukuma mtu kwenye chuma kilichopasuka, chenye makali. Mimi ningechagua mchanga wa mita 20 hadi 25, mbali na matumbawe na majani ya bahari, sehemu ya juu ya meli ikifika mita 12.

Hata hapo hesabu ya hewa ni lazima. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa. Anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20, ambako shinikizo ni mara tatu, anatumia 60. Anayeingia ndani ya meli hutumia theluthi kwenda, theluthi kurudi, na ya tatu haiguswi ila kwa dharura. Kwenda kwake basi ni dakika 13, na kamba ya kurudia imefungwa nje kabla ya kuingia. Kinachopoteza watu ni vumbi la tope. Pezi moja likigusa sakafu, au mapovu ya pumzi yakibandua kutu kwenye dari, tochi haimulikii tena chochote ila ukungu wa kahawia. Na hewa iliyojikusanya chini ya dari isivutwe kamwe: kutu hula oksijeni yake.

Boya la kufungia mashua lifungwe kwenye bonge la zege mchangani, kando ya meli. Reli za sitaha huoza, na nanga hubomoa.

Mwisho ni wavuvi. Jarife likinasa kwenye chuma huendelea kuua samaki miaka bila mwenyewe kuambulia kitu. BMU za eneo, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zishirikishwe katika kuchagua mahali, si kuarifiwa baadaye, na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, iseme wazi nani atakayezamia kuondoa nyavu hizo, mara ngapi kwa mwaka, na kwa fedha ya nani.

Mpiga mbizi,
Mombasa