Kwa kaka yangu, kuhusu ufunguo wa sanduku la mama

Kaka,

Salamu kwako na kwa shemeji. Watoto wamefungua shule?

Bado nakuona siku ile ya matanga ukilitikisa sanduku mbele ya wajomba, sarafu zikilia ndani, ukiuliza ufunguo anao nani. Ulijua anao nani.

Hukunipa nafasi ya kujibu. Basi sikia. Huko huko kwetu magharibi mwa Kenya, wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama vya mzunguko, vile vya kuchangiana na kupokea kwa zamu, njia tofauti za kuweka akiba ya afya. Matokeo yakachapishwa 2013. Wengine walipata sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia pesa, kufuli, na ufunguo wao wenyewe. Wengine sanduku hilohilo, ila ufunguo kwa afisa wa mradi: ukifikisha lengo unampigia, anakuja kufungua, na pesa inanunua kile ulichotaja tu, tuseme chandarua. Ungedhani la pili lingeshinda. Wapi! Lile la ufunguo mkononi liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. La kufungiwa, kwa wengi halikuongeza kitu. Mtoto akishikwa na homa usiku, pesa ya chandarua haigeuki dawa, na mtu akilijua hilo hatumbukizi nyingi.

Najua unasema, "Si umeona?" Ngoja. Kuna watu ambao kufuli la mbali liliwafaa: wale wanaoombwaombwa na jamaa kila mara. Nani alikuwa akimwomba mama, kaka?

Ukimtengenezea shemeji sanduku lake, ufunguo akae nao yeye. Lengo liwe moja, liandikwe kwenye kifuniko pamoja na kiasi. Za dharura zisiingie humo. Azipeleke kwa mweka hazina wa chama, ziandikwe kwa jina lake, zitoke mtu akiugua. Na chama kikikubali, wachange kidogo juu ya mchango wa kawaida, wa zamu apewe bidhaa yenyewe, si pesa. Njia hiyo nayo waliijaribu, ikashinda masanduku yote mawili. Mbele ya wenzako huachi kuchanga hivi hivi.

Kosa langu ni kutomwekea mama ya dharura pembeni. Nalikubali, hilo tu. Ufunguo alinipa mwenyewe, baada ya zile elfu nne za pikipiki yako.

Sanduku liko kwako. Ufunguo ungali kwangu.