Wachumi wanapojadili miaka ya foleni, waulizane pia nani alilipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mjadala ambao hurudi kila mara wachumi wetu wanapokutana hadharani, iwe katika ukumbi wa chuo, redioni au magazetini, nao ni ule wa yaliyofuata baada ya uchumi wa Tanzania kuyumba vibaya kati ya mwaka 1979 na 1986. Nimeufuatilia kwa muda mrefu na ninawaheshimu wanaouendesha, kwa kuwa baadhi yao walithubutu kusema mambo ambayo wakati ule hayakuwa mepesi kusemwa. Hata hivyo kuna swali wanalolipita juu juu, na ndilo lililonisukuma kuandika: gharama ya kuchelewa kuchukua hatua, na baadaye gharama ya hatua zenyewe, zililipwa na nani?

Kwa wasomaji waliozaliwa baadaye nikumbushe kwa ufupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, nasi tukalazimika kujiundia upya mashirika ya ndege, reli na posta. Bei nzuri ya kahawa ya mwaka 1976 na 1977 ilituletea fedha za kigeni, serikali ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na kufikia mwisho wa mwaka 1978 akiba ilikuwa imekauka. Miezi hiyohiyo majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, tukaingia vitani hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, huku bei ya mafuta duniani ikipaa kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Hayo yalitoka nje, lakini ya ndani nayo hayakuwa madogo. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na mkulima akaachwa mikononi mwa mamlaka za mazao zilizomlipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Katani, ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilitupatia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ilikuwa haifikii tani 40,000 katikati ya miaka ya 1980, na sisi wa mkoa wa Morogoro tuliyaona mashamba ya Kilosa na Kimamba yakimezwa na vichaka.

Wachumi wanapofika hapa, mazungumzo huhamia kwa viongozi. Mzee Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na muda mfupi baadaye, katika salamu zake za Mwaka Mpya kwa mabalozi, Mwalimu akahoji hadharani ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya mataifa yote. Tangu hapo wapo wanaosema Mtei alikuwa sahihi na taifa likapoteza miaka saba bure, na wapo wanaosema Mwalimu alilinda heshima ya nchi. Ni mjadala wa haki, na sina nia ya kuuzima. Tatizo langu ni kwamba ukianza na majina mawili makubwa unaishia na majina mawili makubwa, na mtu wa Mvomero au Newala, ambaye hakujiuzulu wala kuhutubia mabalozi, hapati hata sentensi moja.

Ni kweli kwamba wasomi wetu hawakukaa kimya. Mwaka 1984 wachumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Ibrahim Lipumba, Samuel Wangwe na Lucian Msambichaka, walichapisha kitabu kilichokusanya hoja kuhusu namna ya kutuliza uchumi, katika nchi ambayo suala la kushusha thamani ya shilingi lilikuwa limeshageuka la kisiasa kabla ya kuwa la kitaalamu. Waliotaka thamani ishushwe walisema bei rasmi ya dola ilimnyonya mkulima na kumneemesha aliyekuwa na kibali cha kuagiza. Waliopinga, na Profesa Kighoma Malima alikuwa miongoni mwao serikalini, walisema viwanda vinavyotegemea vipuri vya nje vingeumia zaidi, na kwamba mkulima hawezi kuongeza mazao wakati barabara ni mbovu, pembejeo hakuna na dukani hakuna cha kununua kwa hiyo fedha. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli mkononi. Mimi naamini kushusha thamani hakukuwa na njia ya kukwepeka na kwamba kucheleweshwa kwake kuliwaumiza zaidi watu wa chini, na nitaeleza kwa nini, maana sababu yangu siioni ikitajwa.

Wakati huo nilikuwa karani katika duka la ushirika wilayani Kilosa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza daftari la mgao. Upande wa kushoto tuliandika namba ya kaya na jina la mkuu wa kaya, kisha safu za sukari, sabuni, mafuta ya taa na khanga, na mwishoni sehemu ya kuweka sahihi au dole gumba. Sukari ilipofika ilikuwa nusu kilo kwa kaya, na kaya yenye watu tisa ilipata sawasawa na yenye watu watatu, kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya idadi ya watu. Watu walipanga mawe na matofali tangu alfajiri kushikilia nafasi zao katika foleni, na mzigo ulipokwisha kabla ya foleni kwisha, nilipiga mstari mwekundu chini ya jina la mwisho lililopata. Waliobaki chini ya mstari ule hawakuwa na haki ya kuanza juu mgao uliofuata, kwani orodha ilirudi upya kwenye namba moja. Mama mmoja ambaye kaya yake ilikuwa mwishoni mwa orodha alifua nguo za watoto wake kwa majani ya mpapai kwa sehemu kubwa ya mwaka mzima, na alikuwa akija dukani kila mzigo ulipotangazwa.

Sasa bidhaa zilezile zilikuwa zinapatikana kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya ulanguzi iliyozidi ile rasmi mara kadhaa. Ndiyo maana nasema shilingi ilikuwa imeshashuka thamani kwa mwananchi wa kawaida miaka mingi kabla ya serikali kukiri. Aliyeendelea kufaidi bei rasmi ni yule aliyekuwa karibu na bohari, karibu na kibali au karibu na mwenye kibali. Operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilikuwa na nia njema, na wananchi wengi tuliipokea kwa furaha, lakini haikuongeza hata kipande kimoja cha sabuni viwandani, ambako mitambo mingi ilikuwa ikifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Nao mfumuko wa bei uliokuwa ukizungukia asilimia 30 kwa mwaka ulikuwa unakula akiba za watu kimyakimya. Kwa kasi hiyo bei hupanda karibu mara tano ndani ya miaka sita, kwa hiyo mwalimu aliyeweka fedha zake Posta mwaka 1979 akitegemea kununua bati za nyumba, mwaka 1985 alinunua bati moja pale alipopanga kununua tano. Ile ilikuwa kodi, ingawa Bunge halikuwahi kuipitisha kwa jina hilo.

Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa. Gharama ya dawa nayo isifichwe, na hapa natofautiana na wachumi wanaopenda kuanza hesabu ya nafuu mwaka 1986 na kuendelea juu moja kwa moja. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Mzee Cleopa Msuya, iliondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao walizonazo nje. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, ukaja Mpango wa Kufufua Uchumi pamoja na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa karibu shilingi 17 ikafika shilingi 40 katikati ya mwaka huo na kuzidi 50 kabla mwaka haujaisha. Maduka yalijaa, hilo nililiona kwa macho yangu, na daftari langu likakosa kazi. Lakini aliyeishi kwa mshahara aliitazama bidhaa kwenye rafu bila uwezo wa kuichukua, kwa kuwa thamani halisi ya mshahara wake ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu tangu katikati ya miaka ya 1970.

Naomba wachumi wakae zaidi kwenye suala la shule, kwa sababu huko ndiko deni lilikoandikwa kwa jina la watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uandikishaji wa shule za msingi ulikuwa umevuka asilimia 90, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nalo. Ada za sekondari zikarudishwa katikati ya muongo huo, na katika shule za msingi ada na michango ikazidi kuwa mizito, ya madawati leo, ya chaki kesho, hadi uandikishaji ukaanguka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Ada ya shule ya msingi haikufutwa mpaka mwaka 2001, pale sehemu kubwa ya deni letu la nje iliposamehewa. Kati ya hapo na hapo kuna kizazi kizima cha wasichana waliobaki nyumbani kwa sababu baba alikuwa na fedha ya mtoto mmoja tu, na leo ni kina mama wenye umri wa miaka arobaini na kitu wanaoweka dole gumba kwenye fomu za mikopo ya vikundi. Katika makala ngapi za kitaalamu kuhusu nafuu ya uchumi wetu wamehesabiwa kuwa sehemu ya bei?

Wakopeshaji nao wawekwe mezani. Hapa Morogoro tulijengewa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kikiwa na matarajio ya kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya, na hakikuwahi kuvuka asilimia chache za uwezo wake mpaka kilipofungwa. Mkopo ulibaki kwetu. Waliotushauri kujenga hawakupunguziwa mshahara, na baada ya muda walirudi kutushauri namna ya kubana matumizi. Sisemi hivyo kwa chuki, kwani kuna waliotusaidia kwa moyo wa kweli, ila mjadala unaomhoji Mwalimu kwa ukali na kuiacha taasisi iliyomkopesha ni mjadala wa nusu.

Jambo hili si la historia tu. Julai 2022 nchi yetu iliingia mpango mwingine wa mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa zaidi ya dola bilioni moja, na mwaka 2023 wafanyabiashara walihangaika kutafuta dola kiasi cha kuwakumbusha wazee mambo ya zamani. Hali ni tofauti sana na ile ya mwaka 1979, nami sitaki kutia watu hofu. Lakini wataalamu watakaoishauri serikali kesho wanafundishwa leo kwa mifano hiyohiyo, na kama mfano unaonyesha tu bei ya dola na kasi ya kukua kwa pato la taifa, watajifunza kutazama hayo mawili tu.

Ombi langu kwa idara za uchumi za vyuo vyetu, na kwa taasisi za utafiti ambazo wachumi wale wa 1984 walikuja kuziongoza, ni kwamba mijadala hii itoke Dar es Salaam na Dodoma, ifanyike kwa Kiswahili wilayani, na ianze kwa kuwasikiliza waliokuwa makarani, walimu, wakulima wa pamba na wafanyakazi walioachishwa mashirika ya umma yalipobinafsishwa kuanzia mwaka 1992. Wengi wetu tumevuka miaka sabini. Madaftari ya mgao, stakabadhi za mazao zilizoandikwa "utalipwa baadaye", na vitabu vya akiba vya Posta bado vimo ndani ya masanduku ya watu na katika stoo za vyama vya msingi, vikiliwa na mchwa. Kampuni za biashara za mikoa zilipofungwa, nyaraka nyingi zilichomwa au zikauzwa kwa wafungaji wa karanga, na hakuna aliyeuliza.

Idara ya Nyaraka za Taifa ikishirikiana na chuo kimoja tu inaweza kuanza na wilaya mbili au tatu, ikakusanya karatasi hizo, ikaziorodhesha na kuziweka wazi kwa mtafiti yeyote. Daftari la duka letu la mwaka 1982 na 1983 ninalo mimi, likiwa na kurasa zake zote na mistari yake myekundu, na niko tayari kulikabidhi kwa taasisi itakayoahidi kwa maandishi kwamba litasomwa.

Karani mstaafu wa ushirika,
Morogoro