YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROPELA SHAFTI YA MARK X NA LUGHA YA KAUNTA YENU

Tanga, 22 Oktoba 2019

Kwa Meneja wa Tawi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa kwenu sikuiona. Utaratibu wenu wa kubadilisha spea umebandikwa ukutani, kwa hiyo sitaurudia. Nilikuja kununua propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, nikawatajia namba ya chasisi, GRX120, Toyota Mark X inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mkanipa propela ya GRX125, ile ya magurudumu manne, ambayo huanzia nyuma ya transfa, kile kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma, na kwa hiyo ni fupi. Fundi wangu wa Makorora aliingia chini ya gari, akaipima, akatoka anacheka. Mimi sikucheka. Jioni ile nilikuwa na kazi ya harusi Raskazone, na bibi harusi akapanda gari la mtu mwingine.

Sasa nilipoirudisha. Kaunta imejaa watu, nikamwambia kijana wenu kwa upole, "Mwanangu, hii siyo." Risiti hakuitazama. Akapaza sauti: "Mzee, hilo gari Wajapani wenyewe wanaachana nalo Desemba, wewe unaling'ang'ania la nini? Kaliuze kwa kilo!" Watu wakaangua kicheko.

Habari hiyo ninayo. Toyota walitangaza Aprili kwamba Mark X inakoma Desemba mwaka huu, ukoo ulioanza na Corona Mark II mwaka 1968. Lakini yangu ni ya toleo la kwanza, ambalo lilishapisha jipya tangu 2009! Mbona fedha mlipokea bila kunipa pole ya msiba? Na hiyo propela imefunguliwa kwenye gari lililokatwa, kutu inaonekana. Au mlikuwa mnaletewa ya moto kutoka Motomachi, kiwandani kwao Japani? Gari kuacha kuundwa kunahusu nini na ninyi kushindwa kutofautisha 120 na 125?

Narudia ya kaunta, maana sijayamaliza. Kabla ya hilo la kilo, kijana wenu alisema, "Mwambie fundi wako aivute kidogo, itafika." Aivute! Shafti ni chapati? Mkwe wangu alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, akainamisha macho asinione. Kisha nikaambiwa nipishe wateja. Nikaibeba propela mwenyewe, kanzu ikaingia grisi, na hakuna hata mmoja wenu aliyenishikia mlango. Siku ya kulipa lakini niliwekewa kiti na soda, na risiti mkaniandikia kwa mkono, eti mashine imeishiwa karatasi.

Nilikuwa nataka propela sahihi tu. Sasa siitaki. Nataka fedha yangu yote, ya fundi, na ya harusi iliyonipita. Na kijana yule aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo, na wewe Meneja uwepo.

Nawapa siku saba. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya 2003, na ile risiti ya mkono nitaipeleka TRA, watu wa kodi, waisome wenyewe.

Propela yenu iko barazani kwangu Chumbageni. Leteni gari muichukue, mimi siibebi tena.

Mteja wenu,
Mwenye Mark X nyeusi