Tanzia zisiishie kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wazee wenzangu wa huku Pemba tumekuwa tukilizungumza barazani kwa muda mrefu, nalo ni namna habari za misiba zinavyotufikia siku hizi au, kwa baadhi yetu, zinavyotupita.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1960, kijijini kwetu upande wa Wete hapakuwa na umeme. Waya wa chini ya bahari uliotuunganisha na gridi ya Taifa kutokea Tanga ulifika mwaka 2010, na mimi nilikwishakuwa babu. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nne au tano, na mawe yake yakichoka tuliyaanika juani yapate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. (Mtoto aliyesahau kuyaanua mpaka yakanyeshewa alilala na machozi.) Msimu wa karafuu, usiku tukiwa ukumbini tunachambua kwa mwanga wa kibatari, mtangazaji alikuwa akisema tu "Habari ziwafikie", na mikono yote husimama, kwa kuwa hakuna aliyejua kama jina litakalofuata ni la jamaa yetu wa Unguja, wa Tanga au wa Mombasa. Aliyelisikia aliwasha fanusi akaenda kumgongea mlango asiyekuwa na redio.

Leo simu imo mkononi mwa karibu kila mtu, na faida yake siikatai: mwanangu aliyeko Unguja hupata habari papo hapo akawahi boti ya asubuhi, ilhali zamani waliokuwa ng'ambo walifika siku ya khitma. Hata hivyo, mwezi uliopita nimekosa maziko ya mtoto wa ami yangu, aliyezikwa mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka kwangu, kwa sababu taarifa ilitumwa katika kundi la WhatsApp la ukoo na simu yangu ni ya kitochi. Maiti hacheleweshwi, alizikwa alasiri, nami nikaambiwa baada ya Isha na muuza duka, ambaye alinipa pole akidhani ndio kwanza narudi mazikoni. Nilipokwenda kuhani niliulizwa kwa nini sikuonekana, na ikadhihirika kuwa kila mmoja aliamini mwenzake amenipigia.

Ninaloomba ni dogo. Familia iliyofiwa, hata ikishatuma ujumbe kwenye kundi, imtume mtu mmoja apeleke tangazo redioni, na mwengine akabidhiwe orodha ya wasiokuwa na simu kubwa awapigie mmoja mmoja. Redio zetu nazo zisome tanzia kwa saa zinazojulikana, ili mzee ajue wakati wa kufungulia. Katika ukoo wetu tumehesabu wazee 11 wa namna yangu, na wajukuu wameshagawana namba zetu.

Msomaji wako,
Wete, Pemba